"Chanjo ya Vinasaba": Vinasaba vya Nani?

Katika rasimu moja ya tafsiri tuliyoletewa, ihusuyo kuboresha chanjo ya kichaa cha mbwa, tumekuta istilahi "chanjo ya vinasaba". Hatuoni kwamba yafaa. Nasaba ni ukoo. Mfugaji wa Ndama, wilayani Karagwe, akiambiwa na bwana mifugo kuwa mbwa wake atadungwa vinasaba, ana haki ya kuuliza: vya nani? Akihofu kwamba mbwa atageuzwa asili, atamficha siku ya chanjo.

Jambo lenyewe ni jingine kabisa. Kirusi cha ugonjwa huu hakina DNA, kina RNA. Wataalamu hutengeneza nakala ya DNA ya jeni yake moja tu, ile ya protini iliyo kwenye gamba lake. Seli za mnyama huisoma nakala hiyo na kuunda protini, nao mwili huitikia kwa kutoa kingamwili. "Kuboresha" hapa huwa, pamoja na mengine, ni kuiandika upya jeni hiyo ili protini itoke kwa wingi. (Chanjo wanayodungwa mbwa wetu ni ya virusi vilivyouawa.)

Twapendekeza "chanjo ya nakala ya jeni ya kirusi". Ni ndefu, twakubali. "Vinasaba" tungeviacha katika vipimo vya kumtambua mzazi, ambako nasaba ndiyo inayotafutwa.