Waliotazama Kisogo cha Mwalimu

Albamu ya Maisha niliisikiliza mara ya kwanza ndani ya basi la Bagamoyo, kutoka Makumbusho, nimebanwa kwenye siti ya dirishani. Tukaipita Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga. Tulipofika stendi nilikuwa naimalizia kwa mara ya pili, na muda wote nilimfikiria mtu ambaye sauti yake haimo humo: Hukwe Zawose.

Zawose alikuwa Mgogo, mtoto wa wafugaji wa Dodoma. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akaingia katika kundi la taifa la ngoma. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, chuo ambacho leo tunakiita TaSUBa, akawa mmoja wa walimu wake. Ukoo wake ukahamia pwani pamoja naye, na mpaka leo sauti ya ilimba ya Ugogoni unaweza kuisikia hatua chache kutoka Bahari ya Hindi. Alifariki Desemba 2003.

Ukituuliza sisi tuliosoma shule za kawaida mwalimu mzuri ni nani, tutataja mpole, mvumilivu, anayelijua somo lake, anayewahi kipindi. Yote ni kweli. Lakini nilipokuwa sekondari nilifundishwa na mtu mwenye sifa zote hizo. Aliandika ubaoni, tukanakili, tukafaulu. Leo sikumbuki hata mada moja. Kwa hiyo nimeanza kutafuta kipimo kingine: mwalimu akishaondoka, wanafunzi wake wanaweza kufanya nini ambacho yeye hakukifanya?

Maisha inajibu swali hilo vizuri kuliko kitabu chochote cha ualimu nilichowahi kupewa. Ilitoka mwaka 2024, na walioiimba ni The Zawose Queens: Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Ili kuelewa uzito wa jambo hili, sikiliza kwanza Mkuki wa Rocho, albamu ambayo Hukwe aliifanya na Charles Zawose, kijana wa ukoo wake. Ni kazi kubwa. Sauti za wanaume wawili zinapanda na kushuka, zinakimbizana, na vyuma vya ilimba vinatembea chini yake kama mvua ya manyunyu juu ya bati. Kwa mila, nafasi ya mbele ilikuwa ya wanaume. Ilimba na zeze zilikuwa mikononi mwao. Wanawake wa Kigogo walikuwa na muheme, ngoma wanayoibana kati ya mapaja, na katika kundi la familia kazi yao ilikuwa kucheza, kupiga ngoma na kuitikia.

Katika Maisha hao waitikiaji ndio wanaoanzisha wimbo. Ilimba na zeze wanazipiga wenyewe.

Tusimpambe Zawose kwa jambo ambalo hakulifanya. Alikuwa jasiri kwa zana: alitengeneza ilimba na zeze kubwa kuliko za jadi, zenye vyuma na nyuzi nyingi zaidi. Lakini mpaka ule wa mwanamke na mwanamume ulikuwapo bado alipofariki. Mwalimu mzuri naye ana mahali pake pa upofu, na anayemsifu bila kupataja hapo anamgeuza sanamu.

Hata hivyo, waliovuka mpaka ule walivuka kwa kutumia alichowaachia. Wahenga walisema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Tunaitumia methali hii kuonya kwamba mtoto ataiga tabia za mzazi, nami naisikia pia kama maelezo ya jinsi ujuzi unavyosafiri. Anayeitikia lazima ajue wimbo unakokwenda kabla mwimbaji hajafika huko. Ukiitikia miaka na miaka, unaujua wimbo wote, pamoja na sehemu ambazo hukuruhusiwa kuziimba. Zawose aliishi na kufanya kazi mbele ya macho ya watu wake. Hakuficha vidole vyake. Hapo ndipo naiona sifa yake kubwa ya ualimu: alifanya kazi mahali ambapo hata asiyelengwa aliweza kujifunza.

Albamu yenyewe ina kasoro. Watayarishaji wameongeza besi na sauti za kielektroniki, na kuna mahali zinamfanya msikilizaji asahau kutega sikio kwa vyuma vya ilimba. Nyakati hizo nilihisi studio haikuwaamini wanawake hawa vya kutosha. Lakini zana zinapopungua, zikabaki sauti mbili, njuga na muheme, hakuna cha kuongeza. Pendo na Leah hawaigi koo la mzee wao. Wanaimba kwa karibu zaidi, kama watu wanaozungumza huku wakifanya kazi, na wimbo unapata utulivu ambao haupo kwenye Mkuki wa Rocho.

Ukoo huu ungeweza kunyamaza. Charles naye alifariki mwaka 2004, na katika muda mfupi kundi lilipoteza sauti zake mbili kuu. Somo lililowekwa kwa mrithi mmoja lingezikwa naye. Hili lilikuwa limesambaa: Msafiri, mtoto wa Hukwe, alitoa Uhamiaji mwaka 2017, kisha wakaja Pendo na Leah.

Jioni ile nilishuka stendi ya Bagamoyo nikijiuliza kuhusu wale wanaokaa viti vya nyuma katika madarasa yetu, wasioulizwa swali wala kutajwa kwenye hotuba za mahafali. Wao pia wanasikiliza. Siku moja tutahitaji wauanzishe wimbo, na hapo ndipo tutajua kama tuliwafundisha.