Swali Lenye Jibu Tumboni: Uhakiki wa Lugha ya Hojaji za Vyama vya Siasa

Makala haya yanakusudia kuchunguza aina moja ya maandishi ambayo wahakiki wetu wameipuuza kwa kuwa si riwaya, si shairi, wala si tamthilia. Nayo ni hojaji ambayo chama cha siasa humpelekea mpiga kura kikidai kutaka maoni yake. Nchini Marekani jambo hili ni desturi ya miaka mingi: vyama vyote viwili vikubwa huwapelekea wafuasi wao kwa posta karatasi zenye sura ya uchunguzi rasmi, na mara nyingi mwishoni huwapo ombi la mchango wa fedha. Kwetu posta haina nguvu hiyo. Swali humfikia mwananchi kwa simu, kwa karatasi ya kampeni, au hata kwa jina la kampeni yenyewe. Hoja yetu ni kwamba swali la namna hii haliulizi bali linatangaza. Na kwamba kosa lake, kabla ya kuwa la kisiasa, ni la lugha. Kwa hiyo limo katika eneo letu la kazi.

Tuanze na sarufi. Mifano mitatu ifuatayo tumeiunda wenyewe kwa ajili ya uchambuzi.

(a) Je, unaunga mkono juhudi za chama chetu za kuwaondolea wakulima dhuluma?

(b) Je, unataka barabara kuu itengenezwe na idadi ya wabunge iongezwe?

(c) Je, huungi mkono marekebisho haya?

Katika (a), mzigo wote umebebwa na nomino. Asemaye "ndiyo" amekubali; lakini asemaye "la" naye amekubali kwamba dhuluma ipo na juhudi zipo, ila amejitokeza kuwa adui wa wakulima. Katika (b), kiunganishi "na" kimefunga pamoja mambo mawili yasiyo na udugu. Hapa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako ajali zimeua watu wengi, na ambako jirani yetu Sachangwan mwaka 2009 moto wa lori la mafuta uliangamiza zaidi ya watu 100, nani atakataa barabara itengenezwe? Akikubali barabara, wabunge wamepita mgongoni mwake. Ama (c) ina hatari ya aina nyingine. Katika Kiswahili cha wenyewe, "ndiyo" huthibitisha kauli iliyoulizwa, yaani "ndiyo, siungi mkono". Lakini aliyezoea Kiingereza cha shuleni hujibu "la, siungi mkono". Katika mji kama Salgaa, ambako Kiswahili huwaunganisha Wakalenjin, Wakikuyu na madereva wa malori watokao Mombasa hadi Uganda, majibu mawili yenye maana moja yatahesabiwa katika mafungu mawili yanayopingana.

Tutazame sasa majina. Mwaka 2016 juhudi za kubadili katiba zilizoitwa Okoa Kenya zilikwama kwa upungufu wa saini halali. Mwaka 2019 zikafuata zile za Punguza Mizigo, zilizotaka pamoja na mengine wabunge wapunguzwe hadi 147. Nazo zikaangushwa katika mabaraza ya kaunti. Kila jina ni kitenzi cha kuamuru chenye yambwa ambayo hakuna anayeweza kuikana. Nani atasema nchi isiokolewe, au mizigo iongezwe? Mpinzani ananyimwa hata neno la kupingia.

Mswada wa BBI ndio uliolifikisha suala hili mahakamani. Ulikuwa na mapendekezo zaidi ya 70 ya kuibadili katiba. Mwezi Mei 2021 Mahakama Kuu iliubatilisha kwa sababu kadhaa, na pamoja na hayo ikasema kwamba mambo yaliyo mbalimbali yapaswa kuulizwa kwa maswali mbalimbali. Mwezi Machi 2022 Mahakama ya Juu iliona kwamba wakati wa kuamua suala hilo la maswali haukuwa umefika. Basi "na" ya mfano wetu (b) bado inangoja hukumu.

Huenda msomaji akatupinga kwamba mpiga kura si mtoto. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda; lakini mwaka 2005 Wakenya waliletewa katiba iliyoitwa "mpya", na takriban asilimia 58 wakaikataa. Mwaka 2010 ikaja nyingine "mpya", na takriban asilimia 67 wakaikubali. Pingamizi hili lina uzito, nasi twakiri kwamba neno peke yake halishindi kura. Hata hivyo, mara zote mbili watu walikuwa wamesikia hoja za pande zote kwa miezi mingi. Hojaji ya chama humkuta mtu peke yake, pasipo sauti ya pili. Tena lengo lake si kushinda kura siku hiyo, bali kupata takwimu itakayotajwa kesho jukwaani kwa maneno "wananchi wamesema".

Wengine wameligundua tatizo hili mapema. Mwaka 2013 Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ilipendekeza maneno "unakubali kwamba" yaondolewe katika swali la uhuru wa Scotland, kwa kuwa yalimwelekeza mpiga kura kwenye jibu, nayo yakaondolewa. Mwaka 2015 tume hiyo hiyo ilishauri kwamba katika kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, "ndiyo" na "la" ziache nafasi yake kwa "kubaki" na "kuondoka". Maamuzi hayo yalitanguliwa na majaribio ya kuwasomea watu maswali na kusikiliza walivyoyaelewa.

Kazi kama hiyo haihitaji mitambo. Yahitaji mtu ajuaye ukanushi, urejeshi na viunganishi vya Kiswahili, na idara zetu zinao watu hao. Wanafunzi wetu hufundishwa kuchambua jazanda za washairi waliokufa zamani, lakini hawafundishwi kuhoji swali watakaloulizwa wao wenyewe kwenye simu zao. Twapendekeza kwamba uhakiki wa maswali uingizwe katika somo la semantiki, na kwamba kabla ya kura yoyote ya maoni idara zetu zichapishe uchambuzi wa swali la Kiswahili kama litakavyosomwa Salgaa, si kama lilivyotafsiriwa Nairobi. Tusipofanya hivyo, wananchi wataendelea kuhesabiwa kuwa wamesema mambo ambayo hawakuulizwa.