Maneno ya Posa katika "Masharti ya Kisasa": Dadi Alikubali Nini?

Katika kazi nyingi za fasihi ya Kiswahili, posa haisemwi na mwenye kuoa. Hupelekwa na mshenga au wazee, hujibiwa na wazee, na msichana aliyeulizwa akanyamaza huhesabiwa kuwa amekubali. Katika hadithi fupi "Masharti ya Kisasa" iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), Alifa Chokocho anaupindua utaratibu huu. Kidawa hamjibu Dadi kwa ndiyo wala la; anamjibu kwa masharti.

Masharti yenyewe yanaeleweka. Mume na mke watasaidiana kazi za nyumbani. Mke atafanya kazi nje. Nao watapata mtoto mmoja tu. Dadi, mchuuzi wa samaki aliyezama katika mapenzi, anayakubali yote. Baada ya harusi, yaleyale aliyoyakubali yanamtesa. Kazi ya mkewe shuleni inamtia wivu, hasa kwa sababu ya mwalimu mkuu, mpaka anaondoka usiku kwenda kumpeleleza. Upelelezi huo unaishia kwa kuanguka na kuumia.

Nilipoifunza diwani hii, niliwauliza wanafunzi ni nani mwenye kosa. Wengi, wasichana wakiwemo, waliandika kwamba Kidawa alikosea kumwekea mwanamume masharti. Tulipokuwa tukisahihisha, msichana mmoja aliuliza: "Kwa hivyo, mwalimu, sisi tukiposwa tunyamaze?" Swali hilo lilinirudisha kwenye matini.

Matini hayamhukumu Kidawa. Yeye alisema alitakalo kabla ya ndoa, mwenzake akiwa na nafasi ya kukataa. Aliyenyamaza ni Dadi. Alikubali kwa ulimi ili ampate mke, hali moyo wake haukukubali. Ahadi ni deni, naye aliikopa bila nia ya kuilipa. Hapa ndipo penye kinaya: kimya ambacho zamani kilikuwa cha bibi harusi sasa ni cha bwana harusi, na ndicho kinacholeta maafa.

Mbona basi wanafunzi wanamtetea Dadi? Jibu limo katika usimulizi. Msimulizi ni wa nafsi ya tatu, lakini aghalabu anaandamana na Dadi na kutuonyesha mateso ya moyo wake. Msomaji anaanza kumshuku Kidawa kwa sababu Dadi anamshuku. Mtahiniwa asipoitambua mbinu hii, ataichukua hofu ya mhusika kuwa ni ushahidi.

Hata hivyo, haifai kumfanya Kidawa malaika. Masharti yake yanapanga kazi na uzazi, lakini hayasemi lolote kuhusu namna ya kuondoleana wasiwasi. Maelewano yasiyo na nafasi ya kuulizana ni nusu ya maelewano.

Linganisha na "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike katika diwani iyo hiyo. Huko Penina ndiye anayemwendea Dennis, wala hatoi sharti lolote la wazi. Sharti lilikuwepo, ila lilifichika: Dennis apate kazi. Asipoipata, anafukuzwa. Kati ya sharti lililosemwa na lililofichwa, lipi lenye ukatili zaidi?

Sarufi nayo inatusaidia. Kwa mazoea tunasema mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Masharti ya Kidawa yanajaribu kuihamisha ndoa kutoka oa na olewa hadi oana, kauli ya kutendana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 45(3), inaungana naye: wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, katika ndoa na wakati wa kuivunja.

Kwa hiyo, mtahiniwa akiulizwa kuhusu maudhui ya ndoa katika hadithi hii, asikomee kuorodhesha masharti. Aonyeshe nani alisema, nani alinyamaza, na kila mmoja alilipa nini. Nami yule msichana nilimjibu hivi: usinyamaze. Sema lako, kisha mwombe naye aseme lake. Akikubali upesi kila ulisemalo, hapo ndipo pa kumuuliza tena.