Filamu Moja kwa Kila Herufi: Jicho au Sikio?

Miongoni mwa wapenzi wa sinema kuna mchezo ujulikanao sana: mtu huchukua alfabeti, na kwa kila herufi huchagua filamu moja tu aipendayo kuliko zote. Haulizwi ipi ni maarufu wala ipi ilipata tuzo; anaulizwa moyo wake unaelekea wapi. Wengi huuona mchezo huu kuwa wa kupitishia wakati. Kwa mtu wa isimu, hata hivyo, unazua swali ambalo wachezaji hawalitaji kamwe: alfabeti ipi, na jina la filamu kwa lugha ya nani?

Swali hilo si la bure. Kiswahili sanifu kina herufi 24 iwapo tunaihesabu ch kuwa herufi moja. Hakina q wala x, na c haisimami peke yake. Kifaransa kina 26. Filamu zile zile zitajipanga kwa namna mbili tofauti. Isitoshe, nyingi zina majina zaidi ya moja. Ile aliyoitengeneza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi yaitwa Vuta N'Kuvute, lakini katika matamasha ya ng'ambo ilitangazwa kwa jina la Kiingereza, Tug of War. Je, ni V au ni T? Atakayejibu T atakuwa amekwisha kuchagua mtazamaji wake.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria mbili. Ya kwanza: jina liwe lile ambalo watu walio ndani ya filamu wangelitamka wenyewe, kama lipo. Ya pili: sikio lihukumu kabla ya jicho, yaani filamu iwekwe chini ya sauti inayoanza jina lake. Nimejifunga pia kutotoka nje ya filamu zinazoihusu Afrika. Herufi zisizo na ugomvi nitazipita haraka. B ni Borom Sarret (1963) ya Sembène Ousmane, dakika 20 hivi za mwenye mkokoteni mjini Dakar. S ni Sambizanga (1972) ya Sarah Maldoror. T ni Touki Bouki (1973) ya Djibril Diop Mambéty. F ni Finyé (1982) ya Souleymane Cissé. W ni Wend Kuuni (1982) ya Gaston Kaboré. Anayeipendelea Sarraounia au Timbuktu aandike orodha yake.

Mkazi wa Lubumbashi atadhani kwamba A ni ya Augure, filamu ya mwaka 2023 ya Baloji, mzaliwa wa mji huu. Kwa sikio sivyo: jina hilo la Kifaransa laanza na sauti ya o, na jina lake la Kiingereza, Omen, ni O vilevile. Basi A inabaki kwa Arusi ya Mariamu (1985), filamu fupi ya Tanzania ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill juu ya mwanamke na uganga wa jadi, ingawa wanaoandika harusi wataidai kwa ajili ya H. Augure yaitawala O. Kijana Koffi anarudi Kongo kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake mwenye mimba. Damu ya pua inamtoka akiwa amempakata mtoto mchanga, na jamaa zake wanamwona mchawi. Filamu hiyo imetungwa na mtu ambaye jina lake lenyewe ni neno lile lile la walozi, kama kila Mluba ajuavyo. Nusu ya kwanza ina nguvu ya kutisha. Baadaye, kwa maoni yangu, mavazi na rangi vinatangulia mbio na hadithi inabaki nyuma ikihema. Hata hivyo Kiswahili kinasikika humo, kando ya Kifaransa na Kilingala, kama kinavyosikika katika nyumba zetu, na hilo ni adimu mno kiasi cha kunitosha.

Mfano wa U ni mzuri kwa darasa la mofolojia. U-Carmen eKhayelitsha (2005), opera ya Bizet iliyohamishiwa katika kitongoji cha Cape Town na kuimbwa kwa Kixhosa, inabeba kiambishi cha ngeli mbele ya jina la mtu na kiambishi cha mahali mbele ya jina la mji. Mpangaji wa Kizungu atakiondoa kiambishi na kuipeleka chini ya C. Ni ugomvi wa zamani wa kamusi za Kibantu: tupange kwa shina au kwa kiambishi? Anayefungua kamusi yetu na kushangaa kwa nini kurasa za M hazimaliziki, jibu lake ni hilo.

Sasa tuje kwa Ch. Kiswahili hakina c peke yake, lakini c ya Kiwolofu hutamkwa karibu sawa na ch yetu. Kwa hiyo Ceddo (1977), pia ya Sembène, inakaa hapa bila kulazimishwa. Sijui filamu nyingine ambayo herufi moja iliizuia kuonyeshwa. Serikali ya Léopold Sédar Senghor ilikuwa imeweka kwa amri taratibu za kuandika Kiwolofu, na kwa taratibu hizo neno hilo lilipaswa kuwa na d moja. Sembène aliandika mbili, akakataa kufuta, na filamu ikapigwa marufuku nchini Senegal. Watu wa Dakar waliiona tu baada ya Senghor kuacha madaraka mwishoni mwa mwaka 1980. Wengi husema kwamba d ilikuwa kisingizio, kwa kuwa filamu inamwonyesha imamu akinyakua utawala wa kijiji, jambo zito katika nchi yenye Waislamu wengi. Nakubali. Lakini kisingizio hicho nacho kina maana yake. Katika Kiwolofu, konsonanti nyepesi na konsonanti nzito hutofautisha maneno; mwenye kuandika d mbili alikuwa anaandika alichokisikia. Rais mshairi na mtengenezaji filamu aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille waligombana juu ya fonolojia, na mwanafunzi anayelalamika kwamba somo la othografia halina uhai angepaswa kuanzia hapo.

Katika K zinakutana tatu. Quartier Mozart (1992) ya Jean-Pierre Bekolo inatoka kwenye q, Keïta! (1995) ya Dani Kouyaté ina haki yake ya asili. Na Xala (1975) ya Sembène inaanza na sauti ile ambayo waandishi wetu wa kale waliiandika kh. Namchagua huyu wa tatu. Mfanyabiashara El Hadji anaoa mke wa tatu na usiku wa arusi nguvu za kiume zinampotea. Watu huikumbuka gari yake ya Mercedes inayotiliwa maji ya chupa kutoka Ufaransa. Mimi naikumbuka zaidi Rama, binti yake, ambaye baba akimsemesha kwa Kifaransa humjibu kwa Kiwolofu, tena kwa utulivu. Mwishoni, El Hadji anapofukuzwa na wenzake, anataka kujitetea kwa Kiwolofu, naye anakatazwa. Lugha aliyoikataa kinywani mwa bintiye ndiyo anayoihitaji saa ya hatari.

L ni fupi. Raoul Peck alimfanyia Lumumba filamu mbili. Ile ya waigizaji, ya mwaka 2000, ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji kwa sababu kwetu kulikuwa na vita. Ni kazi safi, lakini naipendelea ile iliyotangulia, Lumumba, la mort du prophète, ambamo Peck anatafuta picha za marehemu, nyingine anazikosa, na anauacha upungufu huo uonekane.

M ndiyo herufi iliyonichelewesha. Mandabi (1968) ni filamu ndefu ya kwanza ya Sembène kwa Kiwolofu. Jina lake ni neno la Kifaransa mandat lililofuatwa na bi, ambayo katika Kiwolofu hufanya kazi ya le ya Kifaransa lakini hukaa nyuma ya nomino: mkopo uliotiwa adabu za nyumbani. Kwa upande wa pili ipo Machini (2019), filamu fupi ya uhuishaji ya Frank Mukunday na Tétshim wa hapa Lubumbashi, na ipo Makala (2017) ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes. Nachagua Makala.

Msomaji wa Dar es Salaam akiliona jina hilo atatafuta karatasi; msomaji wa Kolwezi atatafuta mfuko. Kwa Kiswahili cha pwani, l ya kale imedondoka, watu wakabaki na makaa, kama walivyobaki na njaa. Kwetu tunasema makala na njala, na makala yangu haya wanafunzi huyacheka kabla ya kuyasoma. Filamu inamfuata kijana Kabwita, ambaye anakata mti mkubwa kwa shoka, anaufukia katika tanuri ya udongo, anapakia mifuko juu ya baiskeli hadi baiskeli yenyewe haionekani, kisha anaisukuma kilomita 50 hivi mpaka Kolwezi. Njiani gari linamwangusha, na wenye amri wanamtoza. Mjini wanawake wanapunguza bei yake neno kwa neno. Anauliza bei ya manjanja, yaani mabati, kwa ajili ya nyumba anayoiota, na sura yake anaposikia jibu ni uigizaji ambao hakuna mwigizaji angeuweza, kwa kuwa haigizi.

Nina malalamiko mawili. Sauti ya selo imewekwa juu ya mwendo wa baiskeli, ilhali pumzi ya msukumaji ingetosha. La pili ni zito zaidi. Mtazamaji wa Paris anasoma maandishi mafupi chini ya picha na kudhani kwamba amesikia yote. Lakini mapatano ya bei ni sanaa ya viambishi, ya mama na yaya na mupe, ya kukataa bila kutukana, na maandishi yale hayawezi kuyabeba. Sisi tunaoyasikia tunaweza kuyanukuu. Kazi hiyo ya kuandika neno kwa neno mazungumzo ya soko la Kolwezi ingefaa tasnifu ya mwanafunzi mmoja, naye angehitaji masikio kuliko maktaba.

Kwa V, nimeiondoa la katika La Vie est belle (1987) ya Mweze Ngangura na Benoît Lamy, kwani Kiswahili hakina kitu kama hicho. Papa Wemba anaimba kwa Kilingala, na akishuka jukwaani anazungumza Kifaransa pamoja na Kinshasa karibu nzima. Kwa ajili ya nyimbo ningeipa V. Kwa ajili ya mazungumzo nampa Shivji.

Y ina Yeelen (1987) ya Cissé na Yaaba (1989) ya Idrissa Ouédraogo. Hata Hyènes (1992) ya Mambéty, kwa kuwa Wafaransa hawaitamki h, ingeweza kubisha mlangoni. Yeelen ni kubwa zaidi. Yaaba naipenda zaidi. Kijiji kimemtenga kikongwe Sana kwa madai ya uchawi. Mtoto Bila anamwita yaaba, yaani bibi, na kwa neno hilo moja la ukoo anamrudisha miongoni mwa watu. Koffi wa Augure hakumpata mtoto wa namna hiyo.

Imebaki Z. Ipo Z (1969) ya Costa-Gavras, iliyopigwa Algeria, filamu ambayo jina lake ni herufi tupu, na kila mchezaji huikimbilia. Mimi nabaki na Zan Boko (1988) ya Kaboré, juu ya kijiji kinachomezwa na mji. Kwa Kimoore jina hilo ni mahali lilipozikwa kondo la nyuma la mtoto. Wafaransa wanahitaji sentensi nzima kulieleza. Kwetu inatosha kusema: hapo ndipo kilipozikwa kitovu.