Moto wa Roketi Gemuni: Namna ya Kupima Kazi ya Fundi

Desemba 14, 1972, sehemu ya juu ya chombo cha Apollo 17 iliruka kutoka Mwezini huku kamera iliyoachwa kwenye gari la wanaanga ikiifuata. Vipande vya kizuia joto vinatawanyika, kisha chombo kinapaa, na chini yake huoni mwali wala moshi. Mcheza gemu aliyezoea vita vya anga za juu anaweza kudhani filamu imekatwa. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu fundi wa kweli wa picha za gemu anajua pia moto wa kuficha.

Anza na umbo. Karibu na ardhi, hewa huibana gesi inayotoka kwenye injini, mkia ukawa mwembamba na mrefu, na pengine ukajipanga mafundo angavu kama shanga. Mafundo hayo huzaliwa gesi ya injini inapokabiliana na kanieneo ya hewa ya nje. Kwenye ombwe hakuna cha kuibana: gesi ikitoka mdomoni hufunguka kama mwavuli na kufifia. Gemu inayovisha shanga hizo chombo cha kivita kilicho mbali na sayari yoyote imenakili picha za uwanja wa kurushia roketi. Wapenzi wa gemu ya Kerbal Space Program waliliona pengo hili, wakatengeneza nyongeza iitwayo Waterfall, ambayo hutanua mkia kadiri roketi inavyopanda.

Halafu rangi. Aliyesoma kwa mwanga wa kibatari hahitaji somo refu: mafuta ya taa huwaka manjano kwa sababu ya masizi yaliyopata moto, na jiko la gesi huwaka bluu. Injini za F-1 za roketi ya Saturn V zilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa, na mwali wake ulikuwa wa rangi ya chungwa, mkali. Injini kuu za Space Shuttle zilitumia hidrojeni, na mwali wake ulikuwa hafifu. Moshi mweupe ulioonekana chombo hicho kikiruka ulitoka kwenye roketi mbili za pembeni, zenye fueli yabisi. Injini ya ayoni hutoa mwanga mtulivu wa bluu, lakini nguvu yake ni ndogo: ile ya chombo cha Dawn, kilichorushwa mwaka 2007, ilisukuma kwa kiasi cha uzito wa karatasi moja kiganjani. Ukiona mwanga huo ukirusha ndege ya kivita kama jiwe la manati, umedanganywa.

Usiukodolee macho mkia peke yake. Tazama nozeli, yaani mdomo wenyewe wa injini. Katika picha za hatua ya pili ya roketi ya Falcon 9, chuma cha mdomo huo hung'aa wekundu wakati gesi yenyewe karibu haionekani. Fundi makini huweka mwanga pale.

Kipimo kigumu zaidi ni mwendo. Huko juu, chombo hakihitaji moto ili kiendelee kwenda. Moto hubadilisha mwendo tu. Anayetaka kupunguza kasi hugeuza mgongo wa chombo kule anakoelekea, ndipo awashe. Gemu ya Children of a Dead Earth, ya mwaka 2016, imejengwa juu ya kanuni hizo. Homeworld, ya mwaka 1999, ilifuatisha vyombo vyake utepe wa mwanga unaopinda pamoja na njia. Gesi halisi haipindi hivyo. Kila chembe hushika njia yake. Lakini utepe ule ulimsaidia mchezaji kujua nani anatoka wapi katikati ya vurugu, na uongo wenye kazi husameheka. Usiosamehewa ni ule wa pambo tupu.

Ukitaka kuhukumu, zima sauti, kisha ziba chombo kwa kiganja ubakize moto peke yake. Jiulize: kinachoma nini? Kiko ndani ya hewa au nje? Kinaongeza kasi au kinafunga breki? Moto ukikujibu yote matatu, ondoa kiganja utazame kazi iliyobaki.