Fungate ya Insulini: Dozi Inaposhuka Ugonjwa Ukiwa Palepale

Wiki ya tatu tangu mtoto atoke wodini, mzazi anaweza kukutana na jambo ambalo hakulitarajia. Dozi ni ileile na chakula ni kilekile, lakini saa sita mchana mtoto anatota jasho, mikono inamtetemeka, na anamfokea mdogo wake bila sababu. Mashine ya kupima sukari inasoma 3.4 mmol/L, yaani imeshuka mno. Ni mtoto yuleyule ambaye siku alipolazwa sukari yake ilikuwa juu mno hata mashine ikashindwa kuisoma.

Hali hii wataalamu wameifananisha na fungate. Ya maharusi wa pwani ilihesabiwa siku saba. Hii ya kisukari cha aina ya kwanza huanza siku au wiki chache baada ya insulini kuanza kuchomwa, ikadumu miezi kadhaa, na kwa wachache ikapita mwaka. Watoto wa chini ya miaka mitano, na waliofikishwa hospitali damu ikiwa imeshajaa asidi ya ketoni, huipata mara chache zaidi, na wakiipata huwa fupi.

Chanzo chake kiko kwenye kongosho. Ugonjwa unapogunduliwa, seli za beta zinazotengeneza insulini huwa hazijafa zote. Baadhi zimelemewa tu na sukari nyingi. Insulini ya sindano ikiishusha sukari hiyo, seli zilizobaki hupumua na kurudi kazini, na mwili wenyewe nao huanza kuitikia insulini vizuri zaidi. Kwa hiyo mtoto anakuwa na insulini mbili, ya kwake na ya kichupa, na dozi ya wodini inageuka kuwa kubwa kupita kiasi.

Inapunguzwaje? Tuseme mtoto ana kilo 30, na ameanzishiwa uniti 0.7 kwa kila kilo, yaani uniti 21 kwa siku. Kwa utaratibu wa sindano mbili, theluthi mbili huchomwa asubuhi: uniti 14, tano za insulini ya muda mfupi iliyo angavu kama maji, na tisa za ile ya muda wa kati yenye rangi ya maziwa. Jioni ni uniti saba, mbili za angavu na tano za maziwa.

Hapo ndipo daftari la sukari linapookoa maisha. Mtoto akishuka kabla ya chakula cha mchana, inayoshukiwa kwanza ni ile angavu ya asubuhi, kwa kuwa nguvu yake hufika kileleni saa mbili hadi nne baada ya kuchomwa. Akishuka saa tisa usiku, inayoshukiwa ni ya maziwa ya jioni. Mtoto hupewa sukari kwanza, vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwa uzito huo, na kupimwa tena baada ya dakika 15. Kisha, kwa maelekezo ya kliniki, dozi inayohusika hupunguzwa kwa asilimia 10 hadi 20: tano inakuwa nne. Dozi nyingine haziguswi.

Bomba la sindano nalo linahitaji jicho. Lile la uniti 100 mara nyingi mistari yake huhesabu mbilimbili, na mzazi anayetafuta uniti tatu hubaki kukisia katikati ya mistari. La uniti 30 au 50 linamfaa zaidi.

Kufikia mwezi wa tatu mtoto huyu anaweza kuwa anatumia uniti tisa tu kwa siku, yaani 0.3 kwa kilo. Kliniki huwa na hesabu yake: kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, tuseme asilimia 6.8, hujumlishwa na mara nne ya dozi kwa kilo, ambayo hapa ni 1.2. Jibu ni 8.0. Likiwa 9 au chini yake, mtoto yuko kwenye fungate.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Sukari imetulia, mtoto amenenepa, na jirani anasema amepona. Kama kuna dawa ya mitishamba iliyotumika, sifa zote huenda huko. Sindano zikiachwa kabisa, seli chache zilizobaki hulemewa tena, na mtoto anaweza kurudishwa wodini akiwa hajitambui. Utafiti mkubwa wa DCCT uliofanyika Marekani na Kanada, wenye washiriki 1,441 na uliotoa matokeo mwaka 1993, ulionyesha pia faida ya kuzitunza seli hizo: waliokuwa bado na insulini yao kidogo, huku wakitibiwa kwa umakini, walishuka sukari vibaya mara chache zaidi.

Fungate ikikaribia kwisha, sukari ya asubuhi hupanda siku baada ya siku bila homa wala mabadiliko ya chakula. Wengi hudhani insulini imeharibika kwa joto. Kichupa kikaguliwe, ndiyo, lakini mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha vipimo vilivyofuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya: kati ya nyuzi 25 na 37, insulini ilidumu wiki nne bila kupoteza nguvu. Kama kichupa kilipoozwa kwenye chungu chenye mchanga mbichi, huenda hakina kosa. Dozi ndiyo inayotakiwa kupanda, hatua kwa hatua, kurudi 0.7 hadi 1 kwa kilo, na wakati wa balehe kupita hapo. Mzazi aambiwe haya mapema, siku ileile dozi inapoanza kushushwa, asije akadhani kuna alichokosea.