Hadithi Inayoishia Kwenye Joho

Hapa Kakuma tumezoea hadithi za mafanikio. Ziko kwenye mabango, kwenye vijarida, hata kwenye kalenda. Ukisoma tatu umezisoma zote: msichana alikimbia vita, akasoma kwenye darasa la watoto zaidi ya mia, akapata ufadhili, na sasa yuko pichani amevaa joho, anacheka. Basi, imeisha.

Furaha yake sina neno nayo. Neno langu ni kwa hadithi yenyewe.

Kwanza, inaruka masomo. Unamaliza kusoma habari za msomi bila kujua alisomea nini, kitabu gani kilimnyima usingizi, alibishana na mwalimu kuhusu nini. Ufadhili wa DAFI ulianza 1992, mwaka uleule kambi hii ilipofunguliwa. WUSC inapeleka wanafunzi wakimbizi Kanada tangu 1978. Miaka yote hiyo, na bado tunaandikwa kama watu waliopokea, si watu waliofikiri.

Pili, haiulizi kwa nini mtu anakitaka chuo. Vijana ninaofanya nao kazi wanajibu haraka. Ng'ombe waliibwa, shamba lilichukuliwa, lakini alichosoma mtu hakiporwi. Mwingine anataka tu siku moja aitwe mwalimu badala ya mnufaika. Halafu kuna deni: mdogo wako aliacha shule ili wewe umalize. Digrii ya kambini ina wenyewe wengi.

Tatu, na hii ndiyo nzito, hadithi inakatwa kabla ya Jumatatu. Sherehe ikiisha, msomi anaanza kutafuta kazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataja haki ya kufanya kazi, lakini kibali kukipata ni kazi nyingine. Bila kibali anachukuliwa kwa posho ya insentivu, anakaa meza moja na Mkenya mwenye digrii kama yake, na huyo analipwa mshahara. Hiyo meza haipigwi picha.

Ndugu zetu wa mashirika, msiache kuandika. Ila muulizeni huyo msomi alisoma nini, nani nyumbani anamtegemea, na sasa analipwa ngapi. Kijana wa kidato cha tatu anayelitazama lile bango kila asubuhi ana haki ya kujua anakimbilia nini.